Mbawakawa wa Pango la Jibini

Asfendili, 9 Oktoba 1983

Mjomba Polychronis, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta miguu imepungua kuvimba. Sisi huku Krete hatujambo, ila kifua kinambana Bibi Ergini tangu mvua za kwanza, na bado anakataa kulala mpaka mbuzi wote wawe wameshuka. Kila Jumapili akitoka kanisani ananiuliza mwanawe atakuja lini kumwona kabla hajafa. Nimemwambia una duka la dawa, huwezi kulifunga. Kasema, "Athene wataugua tu, awepo asiwepo." Baba anakusalimu. Ameshapanga jibini la mwaka huu pangoni na sasa anashinda huko akiligeuza, maana lisipogeuzwa linavimba upande mmoja.

Matokeo ya mtihani wangu umeyasikia. Chuo cha dawa sikupata. Sikulia mbele ya watu. Kwa hiyo ulipoandika kwamba nikikukusanyia wadudu wa milimani utanisemea kwenye jumba la makumbusho wanipokee kama msaidizi, niliusoma mstari huo mpaka karatasi ikalegea. Naitaka kazi hiyo, Mjomba. Nakwambia kwa barua kwa sababu kwa mdomo nisingeweza.

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Nilifukia vikombe vya kioo ardhini mpaka midomo yake ikawa sawa na udongo, nikatia divai yenye chumvi, na juu nikaning'iniza maganda ya jibini lililoharibika. Viwili niliviweka chini ya mialoni, kimoja pangoni nyuma ya rafu za Baba. Sikukuambia mapema kwamba mimi huchukia wadudu. Siku ya kuvitoa nilifunga kitambaa puani na bado nilitapika. Kwenye vile vya mialoni kulikuwa na konokono waliopasuka, funza, na panya mdogo aliyevimba kama soseji. Nilimtoa kwa kijiko cha supu. Kijiko nimekitupa, Bibi bado anakitafuta.

Kile cha pangoni kilikuwa na mbawakawa wanne. Si weusi kama wengine. Wana rangi ya asali iliyotiwa maji, miguu mirefu na myembamba, na pale yanapopaswa kuwa macho hapana kitu, ni laini tu kama kisigino cha mtoto. Nimewaweka peke yao kwenye spiriti. Sijui kama wana maana yoyote.

Mpwa wako,
Garifalia


Athene, 30 Oktoba 1983

Mpwa wangu Garifalia, marahaba, na nyingine mia juu yake.

Miguu haijambo kuliko pua. Moshi wa Athene mwaka huu unakaa juu ya paa kama mgeni asiyeaga, na wateja wangu wote wanakohoa, jambo ambalo kwa mwenye duka la dawa si baya. Mkaza mjomba wako Aspasia anakusalimu. Kifurushi chako kilipofunguliwa alinifukuza mezani kwa sababu ya harufu, na sasa nakula jikoni kwa amani. Mwambie Mama nitakuja mambo yakitulia.

Umeuliza kama wana maana. Garifalia, nimeinama juu ya hadubini tangu walipofika. Nimewalinganisha na jamaa zao wote walioandikwa kutoka Krete, Rodo, Kupro na pwani ya Uturuki mpaka Lebanoni. Hayumo. Shingo yake ni nyembamba kuliko za wenzake, na kwenye ubawa ana nywele mbili mahali ambapo wote wana tatu. Huyu hana jina. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyempa jina.

Tatizo ni moja: wote wanne ni majike. Umemaliza shule, hivyo sitakuzungusha. Jamaa hawa kwa nje wanafanana kama punje za ngano, na kinachotenga spishi moja na nyingine ni kiungo cha uzazi cha dume. Mtu hukivuta tumboni kwa sindano, hukichemsha kidogo, hukichora. Bila dume watasema nimeokota jike wa spishi ya zamani, na nitachekwa mpaka kaburini. Mzee mmoja niliyemfahamu aliwapa majina mawili tofauti mume na mke waliokuwa wakilala chini ya jiwe moja. Alipokufa, hilo ndilo pekee walilomkumbukia.

Dume utamjua kwa nyayo za mbele, ni pana kidogo. Maganda ya jibini hayatoshi. Weka ini la mbuzi, uliache lioze. Kinyaa ni cha wiki ya kwanza tu. Pango hilo mimi sikuwahi kuliingia nilipokuwa kijana, kwa hiyo kila utakachoniambia ni kipya kwangu.

Na sasa lililo kubwa. Katika wote watakaopatikana, mmoja huchaguliwa kuwa shahidi wa jina. Atachomwa pini na kukaa makumbusho milele, na yeyote atakayetaka kujua jina hilo ni la nani ataletwa mbele yake. Nitamwita Rodanthi, jina la marehemu mama yako. Nimelitaka hilo kwa miaka mingi.

Mjomba wako,
Polychronis


Asfendili, 27 Novemba 1983

Mjomba, shikamoo.

Pokea salamu zenye harufu ya raki. Tumemaliza kuipika juzi na mashuka yote ya nyumbani yanalewesha. Bibi amepata nafuu na amerudi kufokea mbuzi. Baba ni mzima, ila amekukasirikia, nitaeleza.

Ulisema kinyaa ni cha wiki ya kwanza. Mimi cha kwangu kinakua. Ini liligeuka kijani, likalainika, likadondoka lenyewe ndani ya kikombe. Nilipoinua jiwe la kufunikia, kitu chote kilitikisika kwa pamoja nikadhani ini limefufuka. Walikuwa funza. Niliwachuja kwa chujio la chai, nikawatafuta mbawakawa kwa kibano cha nyusi, nikanawa kwa limau na majivu, na jioni Bibi aliponipa mkate nilinusa kidole changu nikauacha. Nimepata wawili tu. Nyayo za mbele nyembamba. Majike tena.

Kisha Baba alikata jibini la rafu ya mwisho, akaonja, akatema. Lilikuwa limenyonya uvundo wa ini. Hakupiga kelele, unamjua. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanitazama, akasema, "Mwambie mjomba wako pango hili babu yangu alilisafisha kwa ajili ya maziwa. Mizoga yake akaipikie Athene." Jibini la rafu nzima tumewapa nguruwe. Nguruwe wenyewe walifikiria kwanza.

Mgahawani nako wamepata habari. Nikienda kuchukua barua wananiuliza mchumba wangu ana miguu mingapi. Mmoja akasema, "Usiku wa harusi, Garifalia, akimaliza kuvua viatu si kutakuwa kumekucha?" Wote wakacheka. Nami, badala ya kujibu, nilisema asante.

Nilimweleza Bibi kuhusu jina. Nilidhani atafurahi. Alitema mate mara tatu kando ya shingo yake kama anavyofanya akimwona paka mweusi. Unajua kwetu mtoto hupewa jina la aliyekufa ili jina lifufuke. Mimi mwenyewe nimeshaahidiwa: binti yangu wa kwanza ni Rodanthi, nitake nisitake. Bibi akasema, "Jina hufufuliwa na mtu anayelia usiku na kuomba chakula. Anataka kumfufua mwanangu kwa kumchoma pini?" Nimemwambia nitakuuliza, Mjomba. Labda wewe unalo jibu.

Jambo moja zaidi. Kuna Mjerumani amefikia kwa kasisi, anaitwa Bwana Ortlieb. Ana taa kwenye paji la uso na begi lenye chupa ndogo kama zako. Anauliza mapango.

Mpwa wako,
Garifalia


Athene, 8 Desemba 1983

Mpwa wangu,

Salamu za kila mmoja zigawe mwenyewe, barua hii inawahi meli.

Ortlieb namjua. Ana pesa za chuo kizima nyuma yake na mikono miepesi. Katika kazi yetu anayechapisha kwanza ndiye mwenye jina. Wa pili, hata akiwa amehangaika miaka kumi, lake hufutwa. Mtu yule akipata dume mmoja tu, mama yako hatakuwepo, na mbawakawa wetu ataitwa kwa jina la mke wa Ortlieb, mwanamke ambaye hajawahi kupanda hata ngazi.

Kwa hiyo fanya hivi. Tega pango lote, vikombe vyote utakavyopata kijijini, ini katika kila kimoja, uviache mpaka Epifania. Baba yako nitamlipa jibini lake. Wachote wote: majike, madume, wachanga. Usimwachie Ortlieb hata mmoja wa kumsalimu. Najua una moyo mwepesi, kwa hiyo sikiliza: spishi ikishaingia kwenye sanduku langu haipotei tena. Pangoni ndiko inakopotea. Chumba cha nyuma cha pango usijisumbue nacho, ni tope tupu.

Nimezungumza na makumbusho. Nafasi ipo. Wanachotaka ni kuiona kazi yako mkononi, na kazi yako ni hao. Bila hao sina cha kuwaambia.

Polychronis


Asfendili, 22 Januari 1984

Mjomba, shikamoo.

Theluji ilifunga barabara kabla ya Krismasi, ndiyo maana umengoja. Nami pia nilikuwa nangoja, sikujua nianze wapi. Bibi alikula Krismasi vizuri. Mbuzi wawili wamekufa kwa baridi. Bwana Ortlieb alikuja mpaka mlangoni kabla ya theluji. Baba alimpa raki, akamkatia jibini, akamwambia pango letu lina jibini na baridi, basi. Aliondoka na meli ya mwisho. Kwa hiyo kuhusu yeye unaweza kutulia.

Sasa nisikilize. Theluji ilipopungua nilipanda na gunia la vikombe. Nataka ujue nilipanda nikiwa nimekusudia kukutii. Ini nilikuwa nimeshalikata. Sehemu ya mbele nilipekua kwa taa, chini ya kila jiwe, sikuona mbawakawa hata mmoja. Nikaona nijaribu kule ulikosema ni tope tupu. Nilijiuliza umejuaje, kwa kuwa uliniandikia hukuwahi kuingia. Nikadhani Mama alikusimulia.

Mtu hupita pale kwa tumbo. Si tope, ni udongo mkavu na laini. Kijembe kiligonga kioo kabla sijachimba.

Ni chupa za mdomo mpana. Zimefukiwa kwa ustadi, midomo sawa na udongo, na juu ya kila moja jiwe bapa limeinuliwa kwa vijiwe vitatu. Ndivyo ulivyonifundisha mimi. Divai ilikauka zamani. Nilitegemea ziwe tupu, na zilikuwa zimejaa. Chini kabisa kulikuwa na lami nyeusi. Juu ya lami mabawa, vichwa na miguu, vimeshikana kama mashapo ya kahawa, tabaka juu ya tabaka, na juu ya yote wachache waliokufa karibuni, bado na rangi yao ya asali. Niliingiza kidole nikidhani nitagusa sakafu ya chupa. Kiliingia mpaka kwenye kiungo cha pili, kikatoka na harufu ambayo mpaka leo ninayo, hata nikikanda mkate.

Katika moja kulikuwa na aliye hai. Alikuwa akitembea juu ya wenzake, anaufikia ukuta wa kioo, anapanda kidogo, anateleza, anazunguka, anapanda tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Kioo hakihitaji divai wala ini. Anayeanguka hatoki, anakufa, uvundo wake unamwita mwingine. Zimekuwa zikila hivyo miaka yote bila mtu wa kuzitega wala wa kuzifunika.

Funza nilikwisha kuwazoea. Hiki kilikuwa kinyaa kingine, hakikutoka tumboni, na kutapika hakukukiondoa.

Nilishuka na chupa moja. Bibi aliipindua akapapasa kitako chake kwa dole gumba. Akasema taratibu, "Hizi zangu. Za jemu ya cheri. Rodanthi alizibeba zote mwaka ule, kaka yake kaja likizo anataka chupa. Nikawaambia, haya, jemu yenyewe niipake ukutani?" Kisha akainuka akaenda kukaa nje kwenye baridi, na ilibidi nimfunike blanketi.

Kwa hiyo uliliingia pango. Mlitega nyinyi wawili, Agosti ya mwaka 1969, wewe ukarudi Athene, naye alikuwa azitoe msimu wa raki. Oktoba tukamzika. Nilikuwa na miaka minne, nakumbuka koti lako tu. Bibi anasema ulikuja mazikoni, ukakaa, na ukaja tena arobaini ukala nasi ngano ya marehemu. Pango liko mwendo mfupi juu ya makaburi, mtu huliona akiwa amesimama pale. Ulijua zipo. Kwa nini hukupanda?

Nimezitoa zote. Na zangu nimezitoa, ini nimewatupia mbwa. Yule aliyekuwa hai nilimtoa kwa unyoya. Nyayo zake za mbele zilikuwa pana, Mjomba. Niliangalia vizuri, mara mbili, kisha nikamwacha aende.

Garifalia


Athene, 6 Februari 1984

Mpwa wangu,

Je, chupa bado zina vitu vyake? Nijibu hilo kwa barua ya haraka. Mabawa na vichwa haviozi, na kile kiungo cha dume nilichokueleza ni kigumu kama ukucha, hudumu miaka. Humo ndani lazima wamo madume wengi. Usioshe, usichuje, usimwage hata lami ya chini. Zifunge kama zilivyo.

Kwamba ulimshika dume ukamwachia, sitalizungumzia. Wewe bado mtoto, na pango lina giza.

Kuhusu mwaka ule umeniuliza swali, na mtu mzima akiulizwa hujibu: kulikuwa na mvua. Mambo ya zamani tuyaache. Mbawakawa hawajui kuhesabu miaka.

Mkuu wa makumbusho amenipigia simu dukani. Nafasi ni yako ikiwa kifurushi kitafika kabla ya Pasaka. Chumba chetu cha nyuma Aspasia amekitoa vitambaa vyake, kina dirisha na meza. Fikiria hilo unapogeuza jibini.

Msalimie Mama.

Polychronis


Asfendili, 19 Februari 1984

Mjomba,

Bibi hajambo. Ulianza kwa kuuliza hali ya chupa, naye ukamweka mwisho wa ukurasa, kwa hiyo mimi nimemtanguliza.

Chupa hizi hapa, zote, kama zilivyotoka ardhini. Midomo nimeiziba kwa nta. Sikuosha kitu. Natuma kwa sababu moja tu: unaweza kumpata shahidi wako humu bila kuua mwingine. Zifungue mwenyewe, kwa mikono yako, umtafute. Usimpe Aspasia kazi ya kusafisha.

Sikutumii hizi ili nipate nafasi ya makumbusho. Iache kando.

Na usimwite jina la Mama. Ni hilo tu ninaloomba.

Garifalia


Athene, 14 Juni 1984

Mpwa wangu mpendwa, salamu zenye furaha.

Natumaini joto halijawafikia huko juu. Hapa lami ya barabara inashika viatu. Miguu yangu imevimba kama mikate, lakini leo sisikii maumivu, na Aspasia amerudi kutoka kwa dada yake, alikokuwa tangu nilipofungua chupa ya kwanza. Alisema atarudi nyumba itakaponuka kama nyumba.

Gazeti letu la wadudu limetoka! Nimekuwekea nakala humu, karatasi bado inanuka wino. Kwaresima yote nilichambua kwa maji ya moto na brashi ya manyoya, bawa kwa bawa. Dume wa kufaa nilimpata kwenye chupa ya tatu, karibu na chini kabisa, maana yake ni mmoja wa wale wa kwanza walioingia. Mchoro wa kiungo chake uko ukurasa wa pili na nathubutu kusema ni mzuri. Ortlieb ameniandikia kunipongeza. Kalamu yake ilikuwa inasaga meno.

Jina sikulibadilisha. Najua uliniomba. Ukifika umri wangu utaelewa kwamba mtu hutafuta mahali pa kuweka jina ambapo mvua na theluji hazitalifuta, na kaburini kwetu sivyo. Tena nimemtaja yeye kuwa mkusanyaji. Dada yangu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na mbili sasa anasomwa Paris na Prague.

Nilipovunja nta ya chupa ya kwanza, kabla ya ule uvundo, nilinusa cheri. Haiwezekani baada ya miaka hiyo yote. Labda ni uzee.

Nafasi ya makumbusho nimeishikilia, hukuwa na akili timamu ulipoandika ile barua. Wanakutaka tarehe mosi Septemba. Njoo.

Mjomba wako,
Polychronis


Asfendili, 1 Julai 1984

Mjomba,

Nimepokea barua na nakala. Joto limetufikia. Mbuzi wako juu na Baba yuko nao, nami ndiye ninayegeuza jibini. Rafu ya mwisho tumeipiga chokaa na uvundo wa ini umetoka.

Nimeisoma kazi yako yote. Imeandikwa Kifaransa, kwa hiyo nilikaa na kamusi ya shule. Mchoro ni mzuri kweli. Urefu wa kila kiungo umeupima, hata wa unywele. Sehemu ya wapi na lini umeandika: pango karibu na Asfendili, Agosti 1969, mkusanyaji Rodanthi. Mwisho kabisa umeandika sentensi ambayo niliitafsiri mara tatu nikitumaini kamusi imekosea. "Spishi hii inaonekana kuwa nadra sana. Sababu haijulikani."

Kamusi haikukosea.

Nilifikiri kinyaa changu kilikuwa cha funza, kisha cha chupa. Sasa najua funza walikuwa wanafanya kazi yao, na chupa hazikuwa na akili. Wewe ulikaa mezani kwenye mwanga, ukachukua kalamu, ukaandika haijulikani. Watu wa Paris na Prague wataamini. Mama wameambiwa ndiye aliyekusanya wote wale, hawakuambiwa kwamba alikuwa kaburini wakati chupa zilipokuwa zikijaa. Umempa heshima na lawama kwa sentensi moja, na yeye hawezi kukuandikia. Naandika mimi.

Septemba siji. Nilitaka kazi ile kwa sababu nilidhani mtu hukaa pale akiwajua viumbe mmoja mmoja, hata wale wasiotakiwa na mtu. Labda kuna watu huifanya hivyo. Mimi nitarudia mtihani, na nisipofaulu, sijui. Baba amenitengenezea meza ndogo kwenye mlango wa pango, mahali penye mwanga.

Mashimo ya chumba cha nyuma niliyafukia. Bibi alitaka kuja kuona zilipokuwa chupa zake, na kwa kuwa hawezi kupita kwa tumbo tulikaa sehemu ya mbele, kwenye rafu, yeye na fimbo yake, mimi na taa. Hatukuwa tunatafuta kitu. Mbawakawa mmoja alitoka chini ya ubao, akapanda juu ya jibini, akasimama akipapasa ganda kwa zile ndevu zake ndefu. Bibi hajawahi kuwaona. Akaniuliza, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Akainama juu ya fimbo yake. "Anakula?" Nikasema ndiyo, anakula ukungu na vidudu vidogo vya kwenye ganda. Bibi akaniambia nishushe taa, nisimwashie usoni, hata kama hana macho.

Niliweka mkono pale. Alinipanda kidoleni, akapita kifundo, akashuka upande wa pili. Mkono wangu haukusisimka.

Yule wako wa kwenye pini ana jina kwenye karatasi na siwezi kulifuta. Lakini kuna sentensi moja unaweza kuifuta, na katika gazeti lenu huwa kuna ukurasa wa masahihisho, nimeuona nyuma ya nakala yako. Andika sababu. Unaijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Bibi anakusalimu. Baba anakusalimu. Mimi bado.

Garifalia